Mbawakawa wa maboga walivyonishinda mara ya kwanza

Nilikuta miche yangu ya maboga imetobolewa kama chujio. Yale majani mawili manene ya mwanzo yalijaa matundu ya mviringo, na juu yake wametulia mbawakawa wa rangi ya chungwa, wadogo kuliko punje ya mahindi. Kunde zilizokuwa hatua moja pembeni hazikuguswa hata kidogo.

Hizo kunde ndizo zilizonifungua macho. Mbawakawa wanaokula majani wana spishi zaidi ya 35,000, na wengi wao huchagua sana mmea wa kula. Jamii ya maboga, matango na matikiti ina uchungu uitwao kukabitasini. Wadudu wengi huukimbia, hawa wangu huufuata. Nilimtazama mmoja kwa lenzi. Kwanza alikata mduara kwa meno, polepole, hadi ukakaribia kufunga, ndipo akaanza kula katikati, sehemu ambayo utomvu haukuweza tena kuifikia vizuri. Nilibaki nimeinama pale hadi mgongo ukauma.

Kuwaokota kulisaidia, mradi niwahi alfajiri wakiwa bado wazito kwa baridi. Unakinga bakuli la maji ya sabuni chini ya jani, unaligusa, wanadondoka wenyewe. Jua likipanda usijisumbue, wanaruka.

Msimu uliofuata nikapanda upya na kufunika miche kwa chandarua chenye matundu madogo, kingo nimezifukia udongo. Baada ya siku chache mbawakawa wakawa ndani, wanakula kwa raha! Niliumia kweli. Kumbe jike hutaga mayai ardhini, karibu na shina. Mabuu hula mizizi, kisha hugeuka bundo, ile hatua ya kutulia kabla ya kuwa mbawakawa kamili, humo humo kwenye udongo. Mimi nilikuwa nimerudisha maboga kwenye tuta lile lile, nikawafungia mlango wakiwa ndani.

Safari hii nilihamisha maboga mbali, tuta la zamani nikapanda kunde. Mabaki yote ya mashina niliyang'oa, na udongo nikaupindua ili mabuu na mabundo yaanikwe juani na ndege wajipatie chakula. Chandarua nilikifunika siku ile ile ya kupanda, nikakiondoa maua yalipoanza kuchanua, maana bila nyuki hakuna boga. Mbawakawa wachache walikuja, lakini mimea ilikuwa imeshatambaa, ina majani mapana kuliko viganja vyangu viwili. Niliwaacha wale.