Leta na vile vidonge vingine vilivyo kwenye fundo la kanga

Baridi ya Juni ikishaanza kuuma hapa Uyole, Mbeya, kwenye dirisha la duka langu la dawa maombi ni yaleyale: "Nipe ile ya siku tatu." Ni azithromaisini hiyo, antibiotiki, yaani dawa ya kupambana na bakteria. Mtu ana mafua tu, na mafua ni virusi, dawa hii haiyagusi. Nikiuliza cheti cha daktari naambiwa naringa. Haya.

Wanaoogopa madhara huogopa tumbo, na hawakosei. Katika ukoo wa azithromaisini, ndugu yake erithromaisini ndiyo kinara, kwa sababu inaamsha utumbo usukume kwa nguvu. Ndiyo ile misokoto na kuharisha. Kichanga wa chini ya wiki mbili akipewa, mlango wa kutokea tumboni unaweza kukaza, akawa anatapika kila anyonyapo.

Mimi inayonikosesha raha ni ndugu yao mwingine, klarithromaisini, ile ya kwenye dozi ya vidonda vya tumbo pamoja na amoksilini na omeprazo. Mama mmoja wa Igawilo alikuja akilalamika mdomo mchungu kama amelamba misumari. Hilo nikamwambia litaisha na dozi. Kumbe bado.

"Mwanangu, naona watu wawili wawili. Nikitembea nayumba, majirani wanasema nimeanza kunywa kimpumu, pombe ya kienyeji."

"Mama, kuna dawa nyingine unameza?"

"Hamna. Labda hii ya kifafa, lakini hii si ya siku zote?"

Akafungua fundo la kanga: karbamazepini. Ini ndilo huivunja dawa hiyo, na klarithromaisini hulizuia ini lisifanye kazi hiyo, basi inarundikana kwenye damu mpaka mtu anapepesuka. Nikamwandikia majina yote mawili kwenye karatasi, nikamsihi asiache ya kifafa ghafla, aende kwa daktari sasa hivi. Akabadilishiwa dozi ya tumbo. (Aliyemwandikia mwanzo hakumuuliza kitu.)

Moyo nao usisahauliwe. Mwaka 2013 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitahadharisha kwamba azithromaisini inaweza kuvuruga mapigo. Wengi hawapatwi, wa kuangaliwa ni mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye potasiamu ya chini, au anayetumia dawa nyingine yenye tabia hiyo, kwinini ikiwemo.

Na wewe unayemeza simvastatini ya kolesteroli, sema mapema: ikikutana na klarithromaisini au erithromaisini, misuli inaweza kuharibika vibaya. Azithromaisini hailigusi ini kiasi hicho, kwa hiyo daktari huenda akaichagua hiyo, au akusimamishie simvastatini mpaka umalize dozi.