Herufi moja imenila miezi miwili, huko A Coruña

Nimerudi juzi kutoka A Coruña, mji wa pwani kule kaskazini magharibi mwa Hispania, na roho bado inaniuma kwa bei ya kile chumba, euro 55 kwa usiku hita haifanyi kazi, upepo wa Atlantiki unapiga dirisha mpaka asubuhi. Mnara wa Hercules, ule wa Warumi, niliuona kwa mbali tu.

Kilichonipeleka ni kopasi, yaani mkusanyo wa maandishi wa kuchunguzia lugha. Chuo kikuu cha pale kimekusanya Kiingereza cha sayansi cha 1700 hadi 1900, maandishi mawili kwa kila muongo katika kila fani, kila moja kama maneno 10,000, na wanawake wamo, mfano Margaret Bryan aliyetoa kitabu cha astronomia 1797. Mimi nilikuwa na mkusanyo wangu, vitabu vya zamani vilivyoskaniwa nikavishusha intaneti, natafuta wataalamu wale walionyeshaje mashaka, kwa hiyo nahesabu "seem" (kuonekana) na "suppose" (kudhani). Hesabu ikanionyesha karne ya 18 maneno hayo karibu hayapo, halafu baada ya 1800 yanamwagika. Nikaamini kabisa kwamba wale wa kwanza walikuwa hawana shaka na lolote!

Siku ya tatu namwonyesha mama mmoja mtafiti, akaniambia hebu tafuta "feem". Nikatafuta. Zikaja mamia, na "fuppofe" nazo, zimejaa. Akafungua picha ya ukurasa akaikuza, kumbe zamani s ya mwanzo na ya katikati ya neno ilichapwa ndefu, inafanana na f, tofauti ni kijimstari cha katikati ambacho kwenye s kinatokeza kushoto tu, hakivuki upande wa pili. Kompyuta imesoma f zote. Kufika 1800 hivi wachapaji wakaiacha, ndiyo maana ya ule mmwagiko wangu. Miezi miwili imeenda, nilikaa pale nimeshika kichwa, yule mama akaninunulia kahawa.

Kwenye ndege nikawa nawaza nyumbani Lamu. Babu aliacha sanduku la barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mle herufi moja, be, inabeba b, p, hata mb, bata na pata zinaandikwa sawasawa, anayezijua ni aliyezoea mkono wa mwandishi. Waliobaki wanaozisoma ni wazee wawili mtaani kwetu. Nilipotua tu nikampigia mama, lile sanduku mtu asiliguse mpaka nije.