Pikapu ya Zamani na Tela Zito: Anza na Breki

Mwenzetu aliyeko huku Australia akitaka kupeleka tela la kambi nyumbani, swali lake la kwanza huwa hili: ile Land Cruiser pikapu iliyoko kwa kaka pale Tabora italivuta mpaka Kigoma? Italivuta. 1HZ ni injini ya silinda sita, cc 4,164, haina tabo, na tani mbili haizilalamikii. Gari la zamani hushindwa na mambo mawili: kusimama huku tela linalisukuma kwa nyuma, na kupoa kwenye mlima mrefu. Kwa hiyo hela utakayotuma ianzie kwenye breki na rejeta. Fundi akikushauri ufunge tabo ya kuongezea, kataa. Silinda hedi ya 1HZ hupasuka ikizidiwa na joto, hasa kati ya valvu, na tabo ya mtaani huleta joto hilo mapema.

Kama iliyopo ni Hilux yenye injini ya aina ya 2L au 3L, sema ukweli tangu mwanzo: tafuta tela jepesi zaidi. Yanayofuata ni ya Land Cruiser yenye 1HZ.

Kabla ya kushika spana, pimeni uzito. Kibati cha tela kinaonyesha uzito wake likiwa tupu na uzito wa juu unaoruhusiwa. Chukua tela la kilo 1,450 tupu. Tangi la maji la lita 120 likijaa ni kilo 120. Ongeza mitungi miwili ya gesi, betri, hema, jenereta, jeki, tairi la akiba na chakula cha wiki mbili. Kilo 1,900 zinatimia haraka. Karibu asilimia 10 ya uzito huo ndiyo iegemee boli ya kuvutia (lile tufe la chuma nyuma ya gari), yaani kilo 190. Mizani haina haja ya kutafutwa mbali, maana hata ile ya kupimia magunia ya mahindi au marobota ya tumbaku inatosha. Simamisha tela sawia kwenye sakafu tambarare, weka kipande cha mbao juu ya mizani, kisha shusha kikombe cha tela, kile kinachokaa juu ya boli, kwenye ile mbao. Mkiona kilo 120, mzigo umekaa nyuma sana na tela litatikisa mkia barabarani. Hamishieni vitu vizito mbele ya ekseli. Angalieni pia tangi la maji liko wapi: likiwa nyuma ya ekseli, tela lililokuwa tulivu asubuhi linaweza kubadilika tabia mkishalijaza njiani.

Hizo kilo 190 haziishii kuwa 190 kwenye gari. Boli iko kama mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma ya gari, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3.18 kwa pikapu za kuanzia 1999. Kwa hiyo ekseli ya nyuma inabeba kama kilo 260, na ya mbele inapunguziwa kama kilo 70. Ndiyo maana usukani huwa mwepesi na taa huelekea juu ya miti. Pimeni urefu kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa fenda, pande zote nne, kabla na baada ya kufunga tela. Nyuma ikishuka zaidi ya sentimita tano, springi zimechoka. Badilisheni seti nzima kwa springi zilizotengenezwa kwa mzigo wa kudumu, pamoja na bushi na shokapu. Kuchomeka bamba moja jipya katikati ya bamba zilizolala hakusaidii muda mrefu, kwa sababu lile jipya linabeba peke yake mpaka linakatika. Mifuko ya hewa nayo ni ya kuangaliwa sana: inasukuma chasisi kwa nukta moja tu, na chasisi za pikapu hujikunja hapo hapo.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi hulipita. Gari likiinuliwa kwa springi mpya, kagueni ile valvu ya breki za nyuma yenye mkono mrefu wa chuma uliofungwa kwenye ekseli. Kazi ya mkono huo ni kuhisi mzigo. Gari likishuka unafungulia breki za nyuma mafuta zaidi, likipanda unapunguza. Springi mpya zikinyanyua gari sentimita tano, valvu inadhani gari ni tupu, na breki za nyuma zinalegea siku zote hata ukiwa umepakia. Kishikizo cha mkono huo kisogezwe kwa kiasi kile kile gari lilichonyanyuka.

Sasa breki za tela. Kwa sheria za huku, tela linalozidi kilo 750 lazima liwe na breki, na likizidi kilo 2,000 lazima breki ziwe kwenye magurudumu yote, pamoja na kifaa cha kulisimamisha lenyewe likichomoka. Nyumbani uzito ni ule ule na mteremko ni ule ule, kwa hiyo lifuateni hilo hata kama hakuna atakayewauliza. Matela mengi ya huku yana breki za umeme: ndani ya kila dramu mna sumaku ya volti 12 inayovuta mkono wa brekishuu. Kila sumaku hula kama ampea tatu, hivyo magurudumu manne ni ampea 12 au zaidi. Vutieni waya wake wa peke yake kutoka betri, milimita 6 za mraba, wenye fyuzi ya ampea 30 karibu na betri. Waya mwembamba wa taa ukitumika, breki zinapata volti 9 na hazishiki.

Kabla ya hayo, pimeni betri za gari. Land Cruiser nyingi za zamani zilizotoka Japani zina umeme wa volti 24, na ukizipeleka volti 24 kwenye sumaku za volti 12 zinaungua. Gari la aina hiyo linahitaji kipunguza umeme chenye uwezo wa ampea zote hizo, na taa za tela zipitie hapo pia.

Halafu plagi. Kwenye mpangilio wa Ulaya wa pini saba, pini namba 5 ni taa ndogo ya nyuma upande wa kulia. Kwenye mpangilio wa Australia, pini hiyo hiyo ni breki za umeme. Fundi akifunga plagi ya gari kwa ramani ya Ulaya aliyoizoea, mchana kila kitu kitaonekana sawa. Jioni dereva akiwasha taa, tela linaanza kujifunga breki, gari linakuwa zito, dramu zinafuka moshi, na watu wanalaumu injini. Piga picha ya mpangilio wa pini za tela lako, uandike kila rangi ya waya, uitume kabla kontena halijafika.

Kidhibiti cha breki, yaani kifaa kinachopeleka umeme kwenye breki za tela dereva akikanyaga breki, kikishafungwa ndani ya gari, kiwekeni sawa barabarani: nendeni kilomita 40 kwa saa kwenye lami kavu, bonyeza, ongeza nguvu kidogo kidogo mpaka magurudumu ya tela yanakaribia kujifunga, kisha rudisha nyuma kidogo. Dereva ajue mahali kilipo kitufe cha kushika breki za tela peke yake. Tela likianza kuyumba, asikanyage breki ya gari na asipigane na usukani. Aachie pedali ya mafuta, abonyeze kitufe hicho, tela litajinyoosha.

Upande wa joto. Rejeta iliyonyweshwa maji ya kisima miaka kumi ina magadi ndani. Injini ikiwa imezimwa na rejeta ni ya vuguvugu, pitisha kiganja juu yake. Ukikuta sehemu ya baridi, mirija ya hapo imeziba, na kuosha kwa bomba hakutoshi. Badilisheni themostati, mfuniko na mipira yote ya maji, kisha wekeni kulanti (dawa ya rejeta) nyekundu kwa maji yaliyochujwa chumvi, nusu kwa nusu. Kwa nje, mbegu za nyasi za mapori yetu hujaa kati ya rejeta na ile ya kiyoyozi mbele yake. Osheni kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa maji ya kawaida, maana mashine ya kuoshea kwa presha hulaza mapezi membamba ya rejeta. Feni nayo: injini ikiwa ya moto na imezimwa, isukume kwa mkono. Ikizunguka hovyo bila kukaza, klachi yake imekufa.

Ile geji ya kwenye dashibodi msiitegemee. Mshale wake hukaa katikati huku joto likipanda, na maji yakiisha kabisa kihisi kinapima hewa na kuonyesha nafuu. Fungeni kengele ndogo ya joto ambayo kihisi chake kimebanwa kwa bolti kwenye chuma cha silinda hedi. Huku zinauzwa maduka ya vipuri na zinaenea kwenye bahasha.

Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kama historia haijulikani, badilisheni sasa. Klachi ya gari: weka gia ya tatu, vuta hendibreki, achia pedali taratibu. Injini isipozimika, sahani imeisha.

Huki, yaani chuma kinachobeba boli, ishikwe kwa bolti za daraja la ugumu la 8.8 kwenye chasisi, pande zote mbili. Isichomelewe kwenye bampa. Osha chasisi kwanza, upitie kwa tochi kuzunguka vishikio vya springi. Ufa wa chuma mara nyingi hujionyesha kama mstari mwembamba wa unga mwekundu wa kutu juu ya rangi nzima, kama uzi. Ukiuona, kazi ya huki isubiri. Boli iwe milimita 50. Tela lililotoka Marekani lina kikombe cha inchi 2, ambacho ni milimita 50.8, au kikubwa zaidi, basi libebe na boli yake. Tela la huko lina mengine pia: mlango hufungukia upande wa magari yanayopita, na umeme wake wa ndani ni volti 120.

Magurudumu ya tela na ya gari yafanane. Pikapu za kabla ya 1999 zina stadi (bolti za gurudumu) sita, za baadaye tano. Agiza habu (vitovu vya magurudumu) za tela zenye mpangilio huo huo, ili tairi moja la akiba lifae popote. Soma tarehe ya tairi pembeni: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi la tela lililokaa juani hupasuka kabla ya kuisha meno. Beringi za tela beba seti mbili, na namba zake uzisome kwenye beringi zenyewe, maana Tabora hazipatikani kila duka.

Safari ya majaribio iwe Tabora hadi Urambo na kurudi, tela likiwa na mzigo wote na maji. Gia ya nne, mizunguko ya injini kati ya 2,000 na 2,500 kwa dakika, mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Ya tano iachwe kwa tambarare. Kila kituo, gusa habu zote kwa mgongo wa kiganja: moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, beringi imebanwa mno au brekishuu haiachii. Mkirudi, kazeni upya nati za magurudumu, bolti za huki na nati ya boli, na mrudie hivyo Kaliua na Uvinza mkishaanza safari yenyewe, kabla ya miteremko ya kuelekea Kigoma.