Kiwanda cha maziwa kando ya stesheni kiwe mkahawa: anza na sakafu

Viwanda vya zamani vya maziwa vilijengwa kando ya reli kwa sababu siagi haingoji. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na KCC, ushirika wa maziwa wa Kenya, ilipoanzishwa mwaka 1925, siagi ya Bonde la Ufa ilikuwa ikiteremka Mombasa kwa treni. Jengo kama hilo likibaki tupu, mwenye kutaka kulifanya mkahawa huvutiwa na kuta nene na jukwaa la kupakilia, akaanza kuwaza rangi na taa. Aanze na sakafu.

Maziwa yaliyomwagika huchacha, na asidi yake hula saruji. Chokaa iliyomo huyeyuka, mchanga na kokoto zikabaki zimejitokeza kama meno. Kwaruza kwa bisibisi: pakimomonyoka, chimba mpaka ufikie zege gumu, osha, acha pakauke kabisa, kisha ziba kwa mota ya epoksi, yaani mchanga uliochanganywa na gundi ngumu ya kemikali. Ukipiga saruji ya kawaida juu ya zege lililooza, itabanduka.

Sakafu hiyo pia imeinama, sentimita moja hadi mbili kwa kila mita, ili maji yakimbilie mtaroni. Usiisawazishe yote! Weka jiko kwenye chumba cha kuoshea mikebe, ambako mwinamo na mitaro tayari ipo, na wageni uwakalishe kwingine. Kati ya jiko na chemba ya kwanza ya maji taka lazima pawe na tangi la kunasa mafuta, mahali ambapo mtu anaweza kulifungua na kulisafisha bila kupita katikati ya wageni.

Vigae vyeupe vya ukutani ndivyo roho ya jengo, navyo huharibiwa na haraka ya mafundi. Gonga kimoja kimoja kwa mpini wa nyundo. Kinacholia kama debe tupu kimeachana na ukuta. Kitoe polepole, ukirudishe palepale. Usisafishe kwa asidi, na matofali ya zamani yaliyojengwa kwa chokaa usiyapige lipu ya saruji, maana unyevu utanaswa ndani.

Chumba cha baridi kina hatari zake. Ndani ya kuta huenda mna magamba ya mti wa vizibo yaliyogandishwa kwa lami, ambayo hushika moto. Mabomba yanaweza kuwa bado na amonia, gesi ya sumu ya kupozea, na yale ya boila huenda yamefungwa asbestosi, nyuzi zinazodhuru mapafu; paa nalo huenda ni la asbestosi. Hapo mwite mtaalamu mwenye leseni kabla hujakata hata bomba moja.

Bomba la moshi la boila nalo hutamanisha kupitishia moshi wa jiko. Lipitishie, lakini ndani yake teremsha bomba la chuma lililochomelewa, lenye milango ya kusafishia. Mafuta yakinasa kwenye matofali, cheche moja yatosha.

Kwa kelele za treni, acha madirisha ya awali na uongeze fremu ya pili kwa ndani, ukiacha nafasi ya sentimita 10 au zaidi kati ya vioo. Ukishaziba hivyo, jiko litahitaji njia yake ya kuingizia hewa. La sivyo feni itavuta hewa ya ukumbini na milango itakuwa migumu kufunguka.

Jukwaa, lililojengwa kulingana na sakafu ya behewa, huwa na kimo cha karibu mita moja. Njia ya kiti cha magurudumu kwa mwinamo wa 1 kwa 12 itataka mita 12, mbali na mahali pa kupumzikia katikati. Upande wa reli weka ukingo imara, lakini kwanza pata kibali cha shirika la reli: mara nyingi ardhi iliyo chini ya jukwaa ni yao.