Siku Moja Maishani Mwangu: Mhudumu wa Sauna, Tampere

Saa tatu asubuhi niko uani na toroli la kuni, na giza bado halijaondoka. Ndiyo Desemba ya Tampere, Ufini: jua huchomoza karibu saa nne, na muda mfupi baada ya saa tisa linazama. Nafanya kazi kwenye sauna ya umma, nyumba ya kuogea kwa joto na mvuke wa mawe ya moto. Shangazi yangu mmoja Tanga aliposikia kwamba nahudumia nyumba ambamo watu wanakaa uchi, alimpigia mama simu kumpa pole. Ndiyo sababu ya kuandika haya.

Jiko letu lina takriban tani moja ya mawe. Nalijaza magogo ya koivu, mti wenye gome jeupe, kisha kazi ni kuchochea na kuongeza hadi saa saba mchana. Baada ya hapo moto unaachwa ufe kabisa. Makaa yakibaki hai hutoa hewa ileile ya sumu inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Kwa hiyo maji ya kwanza juu ya mawe nayamwaga mwenyewe kukiwa hakuna mtu ndani, mlango wazi, ili majivu na ile hewa vitoke. Ndipo nafunga na kuacha joto litulie. Mawe hayo yatatoa mvuke hadi usiku bila kuongezwa ukuni hata mmoja.

Kufagia, kupiga deki, kujaza ndoo. Saa tisa tunafungua, na wa kwanza ni wazee wetu. Kuna bibi mmoja haachi kuja Alhamisi. Huoga kwa sabuni, hutandika kitambaa chake cha kitani, hukaa benchi la juu. Ndipo huuliza waliopo kama amwage maji. Mvuke ule wanauita löyly, neno ambalo zamani lilimaanisha pumzi, roho.

Karibu saa kumi na mbili jioni wakaingia wasafiri wanne, mara yao ya kwanza. Niliwaeleza mlangoni: mnaoga kwanza, mnakalia kitambaa, upande wa wanawake hatuvai nguo za kuogelea, simu zinabaki kabatini, na kabla ya kumwaga maji mnawauliza wenzenu. Wakaitikia wote.

Dakika kumi hazikupita. Mmoja kaingia hajaoga, mafuta ya mwili yananukia chumba kizima. Mwingine kaushikilia mlango wazi akimwita mwenzake, na joto nililolihangaikia tangu asubuhi linatoka nje. Wa tatu akachota kata moja, ya pili, ya tatu, hadi tano, mfululizo. Mvuke ukatuangukia mabegani kama maji ya moto. Wenyewe wakakimbilia chini wakipiga kelele, wazee wakabaki juu wameinamisha vichwa. Nilipomkanya akanijibu kwamba amelipa kama wengine. Nikaanza kumweleza upya, polepole, na hapo yule wa nne akachomoa simu ndani ya taulo.

Sikubembeleza tena. Nikawatoa wote wanne. Mabishano ya kurudishiwa pesa yakanila nusu saa, nimelowa jasho, foleni ya tiketi imefika uani. Yule bibi hakusema neno. Alijimwagia maji, akatoka, akakaa kwenye baridi mvuke ukimtoka mabegani. Nikamfuata kumwomba radhi. “Ei se mitään,” akasema, si neno. Lakini hakurudi ndani, na hilo liliniuma kuliko matusi ya wale wanne.

Natamani shangazi angemwona bibi huyu. Wafini huwaambia watoto wao kwamba saunani mtu akae kama yuko kanisani. Zamani, vijijini, wanawake walijifungulia humo na maiti wakaoshwa humo, kwa kuwa ndicho chumba chenye joto na maji ya moto. Mwaka 2020 UNESCO iliiingiza sauna ya Kifini katika orodha ya urithi wa wanadamu. Mtu akivua nguo mbele yako hapa amekuamini, na kazi yangu ni kuulinda uaminifu huo.

Baadaye sikuangalia saa tena. Nilikuwa nakusanya vitambaa vilivyolowa niliposikia, “Shikamoo, dada.” Mwanafunzi wa Mombasa, mgeni kabisa.

“Marahaba. Karibu.”

“Dada, ni lazima nivue?”

“Si lazima, mdogo wangu. Jifunge taulo, kaa benchi la chini. Moyo ukienda mbio, toka, unywe maji. Hakuna anayekuhesabia dakika.”

Mama mmoja alikuwa na vihta, kifungu cha matawi ya koivu yenye majani, yaliyokatwa kiangazi na kuhifadhiwa kwenye friza. Aliyaloweka maji ya uvuguvugu, akajipigapiga mgongoni taratibu. Harufu ya majani ikajaa. Binti akavuta pumzi, akaninong’oneza: “Kama nyungu ya nyanya yangu.” Akakaa muda mrefu, macho kayafumba.

Tulifunga saa nne. Mabenchi yote nimeyasugua kwa brashi na sabuni ya msonobari, mgongo sina. Kesho ni zamu ya mwenzangu. Nimempangia kuni za kuwashia karibu na mlango, maana theluji imeanza kuanguka.