Swali la saa saba mchana

Idarani kwetu kila Alhamisi saa saba mchana kuna maongezi ya utafiti, na sio semina ile ya shati la kupiga pasi, hapana, unakuja na msosi wako unakaa popote, mmoja anasimama mbele na kitu ambacho hakijaiva bado na watu wanamkatiza wanavyotaka. Wa saikolojia wapo, wa isimu wapo, wa kompyuta wapo, hata yule jamaa wa falsafa ambaye kila wiki lazima aulize "ukisema akili unamaanisha nini?" (tumeshamzoea).

Wiki iliyopita ilikuwa zamu yangu, nikapeleka Stroop. Kama huijui ni kale kajaribio ka 1935, neno NYEKUNDU limeandikwa kwa wino wa kijani, wewe utaje rangi ya wino, usisome neno, na hapo ndo ulimi unakusaliti maana mtu aliyezoea kusoma macho yake hayasubiri ruhusa. Stroop mwenyewe, mwanasaikolojia aliyekabuni, alitumia vitu 100 kwa karatasi, viboksi vya rangi tupu watu walimaliza kwa sekunde 63 hivi, maneno yanayogombana na wino wake sekunde 110. Mi nikafanya kwa Kiswahili na tofauti yangu ikatoka kubwa kuliko yake, nikajiona nimefika, grafu nimeipa slaidi nzima.

Sijamaliza hata slaidi ya tatu, dada mmoja wa isimu akanyoosha mkono, kijiko bado kiko mdomoni. "Samahani, orodha ya pili, ile ya maneno, zenye wino wa nyekundu ziko ngapi?" Sijahesabu. "Na bluu?" Kimya. "Maana nyekundu ni ndefu kutamka, bluu inatoka fasta."

Tukahesabu pale pale kwenye projekta, mmoja anataja mwingine anachora vijiti ubaoni, na jamani, orodha ya viboksi imejaa bluu, ya maneno imejaa wino wa nyekundu. Yaani sehemu ya zile sekunde nilizokuwa najivunia ni mdomo tu kutamka neno refu, akili haikuhusika. Na aibu yenyewe ni kwamba Stroop alishaliwaza hilo, kwenye karatasi zake kila rangi inatokea mara mbili kila mstari na mara mbili kila safu, na hiyo peipa nilikuwa nimeisoma! Ile sehemu ya vifaa niliiruka kama wengi wetu tunavyoiruka.

Kwenye semina kubwa yule dada angesubiri mpaka mwisho, mwenyekiti angesema muda umeisha, tungepiga makofi, ningeenda kuichapisha hivyo hivyo. Msimamizi wangu alicheka mpaka akapaliwa.

Nimepanga upya, rangi tano, mistari 10 safu 10, kila rangi mara mbili kila upande, sasa nasaka watu wa kupima tena. Jamaa wa falsafa kajitolea, ila ameshaanza kuniuliza rangi ni nini.