Sauti ishuke mwishoni

Jioni hii mawazo yangu yapo kwenye zile sentensi fupi ambazo mshauri nasaha humrudishia mteja, zikirudia alichosema au anachohisi. Kwenye kliniki za tiba na matunzo, wanakohudumiwa wanaoishi na VVU, mazungumzo mengi hufia kwenye swali la kwanza: "Mama, dawa unameza vizuri?" Atajibu ndiyo. Nani atasema hapana mbele ya mtu aliyeshika faili lake? Afadhali kuuliza hivi: "Watu wengi hupitwa na dozi. Wiki iliyopita, siku zipi zilikuwa ngumu kumeza?" Kupitwa kumeshatajwa kama jambo la kawaida, kwa hiyo naye anaweza kulitaja.

Tuseme anajibu: "Mume wangu hajui. Akiwepo nyumbani siwezi kutoa kopo." Mwenye haraka atatoa maelekezo papo hapo: mwambie, au hamishia vidonge kwenye mfuko. Aliyefunzwa husema tu, "Unaogopa akiliona kopo atauliza," kisha hunyamaza sekunde tano, hata kumi. Kiswahili kina mtego hapa: maneno hayohayo huwa swali au kauli kutegemea sauti. Ikipanda mwishoni, mama hujibu "ndiyo" na kusubiri swali jingine. Ikishuka, mara nyingi huendelea mwenyewe: "Akijua, atanirudisha kwetu." Kumbe hofu haikuwa ya kopo.

Namna hii ya kuzungumza, iitwayo kwa Kiingereza "motivational interviewing", ilielezwa na mwanasaikolojia wa Marekani, William Miller, katika makala ya 1983 kuhusu watu wenye shida ya pombe. Mwaka 1991 yeye na Stephen Rollnick wakaitolea kitabu. Wakufunzi hupendekeza kauli mbili za kurudisha kwa kila swali moja. Njia ya kujipima ni kurekodi kikao, kwa idhini ya mteja, kisha kuhesabu. Inaumiza kusikiliza maswali kumi yakifuatana bila kauli hata moja, maana hayo ni mahojiano ya polisi.

"Kwa nini hukumeza?" humfanya mtu ajitetee. "Ilikuwaje siku ile?" humfanya asimulie. Na "pole" inayotoka upesi mno hufunga mlango: mteja anaitikia "asante" na habari inaishia hapo. Mimi ningeichelewesha mpaka amalize.

Mteja akivutwa pande mbili, kubadilika na kutobadilika, mpangilio wa kauli una uzito. "Unataka afya yako irudi, lakini unaogopa mumeo" humwacha kwenye hofu, na atakachosema baadaye kitaanzia hapohapo. Geuza: "Unaogopa mumeo, na pia unataka uwe na nguvu ya kulea wanao." Upande wa mabadiliko uje mwisho.

Kisha kuna kipimo cha sifuri hadi kumi: una uhakika kiasi gani kwamba utameza kila siku wiki hii? Akisema nne, kosa la kawaida ni kuuliza mbona si tisa; utamiminiwa vikwazo vyote. Uliza, "Nini kimekufanya useme nne, usiseme moja?" Atataja nguvu alizonazo: dada anayejua siri, saa ya kuamshia kwenye simu, chai ya asubuhi anayokunywa peke yake. Yarudishe hayo kwa maneno yake, ndipo uulize ingehitajika nini ili nne iwe tano. Tano inatosha kwa leo. Ukiwa na ushauri, omba kwanza: "Naweza kukueleza wengine hufanyaje?" Ukishamweleza, muulize ameuonaje, na umpe muda wa kuukataa.